Gesi Yashukia Mombasa, Sisi Bado Tuko na Seredani

Sehemu kubwa ya gesi ya kupikia inayotumika Kenya huingilia Mombasa. Meli hutia nanga, gesi husukumwa hadi kwenye matangi ya nchi kavu, kisha malori huipandisha bara. Lakini ukipita Kisauni, Likoni au Majengo saa kumi na moja za jioni, harufu inayokupokea ni ya makaa.

Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2028 kila nyumba iwe inapikia nishati safi. Lengo zuri. Linaloniudhi ni lugha inayotumika kulitangaza, kana kwamba mama anayepepea seredani hajui kuwa moshi unamdhuru. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mama huyo hana haja ya takwimu. Kifua chake kinamwambia kila alfajiri.

Kinachomfunga na makaa ni namna pesa zinavyoingia nyumbani kwake. Mchukuzi wa mizigo, mwenye mkokoteni, mchuuzi wa viazi karai, wote hupata leo cha leo. Makaa nayo huuzwa kwa mkebe. Chukulia nyumba inayonunua makaa ya shilingi 80 kila siku: baada ya siku 30 imetoa shilingi 2,400. Kwa pesa hizo mtungi wa kilo 6 ungejazwa na chenji ikabaki. Lakini hakuna siku hata moja katika hizo 30 ambayo nyumba hiyo ilikuwa na shilingi elfu na zaidi mkononi zisizokuwa na kazi nyingine. Na hapo sijataja gharama ya kununua mtungi wenyewe mara ya kwanza, pamoja na kichomeo chake.

Serikali yenyewe imekuwa ikicheza na mtungi huo. Julai 2021 ilirudisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 juu ya gesi, mwaka uliofuata ikaushusha hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikauondoa. Februari 2023, kwenye sherehe ya kuweka jiwe la msingi la kituo cha gesi huko Dongo Kundu, Rais William Ruto aliahidi kuwa mtungi wa kilo 6 ungejazwa kwa kati ya shilingi 300 na 500 katika miezi michache. Sisi tunaoishi ng'ambo ya pili ya maji tulisikia vizuri, na bado twasubiri. Julai mwaka huo huo marufuku ya ukataji miti, iliyokuwapo tangu Februari 2018, ikaondolewa. Mwaka mmoja, mkono mmoja unatuvuta kwenye gesi na mwingine unalegeza kamba ya shoka.

Kuna jambo lingine lisilozungumzwa sana. Kanuni za gesi za 2019 ziliondoa ulazima wa kampuni zote kubadilishana mitungi. Nia ilikuwa usalama, kila kampuni iwajibike kwa mtungi wake, na siipingi. Ila kwa mnunuzi maana yake ni kwamba duka la jirani likikosa gesi ya kampuni yako, huenda ukalazimika kuubeba mtungi mtaa hadi mtaa. Anayeishi ghorofa ya tatu Mji wa Kale, kwenye ngazi za mbao, aelewa nasema nini.

Na usalama si jambo la kupuuzwa. Mkasa wa Embakasi, Nairobi, Februari 2024, ulitokea kwenye kituo cha kujazia gesi kisichokuwa na leseni katikati ya makazi ya watu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kutuama. Jiko lenye dirisha la juu pekee halitoshi, lazima pawe na tundu karibu na sakafu. Uungio wa mpira ujaribiwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti, jambo ambalo bado kuna watu wanalifanya.

Stima je? Kwa maharagwe, mbaazi na nyama ngumu, sufuria ya presha ya stima haina mpinzani: chungu kizima kwa chini ya uniti moja. Lakini tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani ina ngazi tatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, hadi 100, na zaidi ya 100. Nyumba iliyo ngazi ya chini ikianza kupikia stima itapanda ngazi, na kila uniti, hata ya taa, itapanda nayo. Yaani tunamhimiza maskini apike kwa stima, kisha tunamtoza kama mwenye kiyoyozi. Hapo pana kazi ya wabunge wetu: uniti za kupikia zihesabiwe kando.

Mimi nyumbani kwangu nina vyote vitatu, na sioni aibu. Gesi ni ya chai ya asubuhi na mchuzi wa haraka, stima ya vitu vigumu. Makaa yamebaki kwa wali wa nazi wa kupalia na samaki wa kupaka, maana wali ule bila makaa juu ya kifuniko mama yangu haukubali, nami simlaumu. Matumizi ya makaa yameshuka hadi siku mbili kwa juma. Anayeanza leo, ushauri wangu aanze na mtungi wa kilo 6 hata kama anaununua kwa mchango wa chama cha wanawake mtaani. Vyama hivyo vimenunua vyombo vya harusi na viti vya kukodisha miaka yote. Zamu moja ya mwaka ikitengwa kwa mitungi, nyumba kumi au kumi na mbili zitakuwa zimetoka kwenye moshi kabla ya Dongo Kundu kutupa chochote. Kaunti nayo, kama inataka picha za kwenye magazeti, na ianzie kwa wapishi wa shule za chekechea, ambao wanavuta moshi huo pamoja na watoto wetu.