Kaboni Haizuii Joto

Machi 18, 2025, ndege ndogo ya kuundwa nyumbani, aina ya Cozy Mk IV, ilikuwa inakuja kutua uwanja wa Gloucestershire, Uingereza, injini ikaishiwa nguvu. Ilitua kabla ya kufika njia ya kurukia, ikagonga mitambo ya kuongozea ndege. Wachunguzi walikuta kiwiko cha plastiki kinachopeleka hewa kwenye injini kimelainika na kubonyea. Kilikuwa kimechapwa kwa printa ya 3D na kununuliwa kwenye maonyesho ya ndege Amerika Kaskazini. Tangu hapo madai ni mengi, na mengine ni ya hatari kuliko kiwiko chenyewe.

Wanasema plastiki ile ilichanganywa na nyuzi za kaboni, kwa hiyo joto halikuwa tatizo. Hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Nyuzi hazilainiki, ni kweli, lakini kinachozishika ni plastiki au resini, na hiyo ndiyo inayolegea. Mwenye ndege aliamini kiwiko chake kingelainika kwenye nyuzijoto 105. Vipande viwili vilipopimwa, kimoja kilionyesha 52.8 na kingine 54.0. Chini ya kifuniko cha injini, karibu na bomba la ekzosi, joto hilo ni la kawaida. Tena hupanda zaidi ukizima injini, maana hewa ya kupooza imekoma. Michoro ya Cozy iliagiza kiwiko cha faibaglasi na epoksi inayolainika kwenye nyuzijoto 84, na juu ya hapo ikaweka kipande cha bomba la alumini mdomoni, ili umbo libaki hata resini ikipata moto. Kile cha kuchapwa hakikuwa na bomba hilo.

Wengine wanasema epoksi ikishakauka, kazi imekwisha. Ugumu unaousikia mkononi haukuambii kitu. Epoksi iliyoachwa ikauke kwenye joto la chumba hulainika mapema kuliko ile ile iliyopashwa moto baadaye, polepole, ikiwa bado imeshikiliwa na kalibu. Ukiipandisha joto kwa haraka, au ukiitoa kwenye kalibu kwanza, itapinda mbele ya macho yako.

Lipo dai la tatu: hii ni njia ya hewa tu, haibebi mzigo, kwa hiyo hata tabaka moja linatosha. Hebu tupige hesabu. Kwa mfano, injini ya ndege ya Lycoming O-360 ina ujazo wa lita 5.9 hivi, na hujaza hewa mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 2,700 kwa dakika, silinda zikijaa sawasawa, ni karibu lita 8,000 kila dakika. Mvuto huo hubonyeza ndani ukuta mwembamba, hasa ulio bapa, na huondoka na chochote kilicholegea. Fundi anayechonga povu, akalizungushia tepu, akalaza faibaglasi juu yake, kisha akaliyeyusha povu kwa asetoni, aingize mkono na tochi abandue tepu yote. Kipande kilichosahauliwa kitaishia kwenye kabureta.

Kuhusu wanaouza midomo ya kaboni ya kuingizia hewa kwa ahadi ya nguvu nyingi za farasi, sina maneno mengi. Kwa mwendo wa noti 150 usawa wa bahari, upepo wa mbele hauwezi kuongeza zaidi ya milibari 37, hata asilimia 4 ya hewa iliyopo haifiki. Kona moja mbaya inakula sehemu ya hiyo.

Halafu wapo waliogeukia upande wa pili: faibaglasi ipigwe marufuku, turudi kwenye bati. Nao siwaungi mkono. Mbunifu wa ndege Burt Rutan aliirusha ndege yake VariEze mwaka 1975, bawa na mwili wake vikiwa povu na faibaglasi, na Cozy yenyewe ni ya ukoo huo. Bati la alumini nalo hupasuka kwenye ribiti kwa mtetemo wa injini. Kiwiko cha michoro kilikuwa cha faibaglasi, na hakikuwa na kosa.

Kwa hiyo ukienda kununua, usiulize kama kuna kaboni. Uliza kinalainika kwenye joto gani, na ni nani aliyepima. Muuzaji akishindwa kukuandikia jibu, mrudishie kiwiko chake.