Kura Moja ya Nathdwara

Wako watu wengi wasemao, "Kura yangu ni moja tu, yaweza kufanya nini kati ya maelfu?" Maneno hayo husikika sokoni, shambani, na hata katika maofisi ambamo watu wamesoma. Mwenye kusema hivyo, siku ya uchaguzi ikifika, hukaa nyumbani akapalilia mahindi yake, kisha jioni huwauliza majirani ni nani aliyeshinda. Habari za eneo moja la uchaguzi katika nchi ya India zatosha kumjibu mtu huyo, nazo ni habari za hesabu, wala si hadithi ya sungura na fisi.

Eneo lenyewe ni Nathdwara, katika Jimbo la Rajasthan, si mbali na mji wa Udaipur. Maana ya jina hilo ni Mlango wa Bwana, kwa kuwa mjini mna hekalu mashuhuri la Shrinathji, ambalo Wahindu wamchao Krishna huja kulizuru kutoka mbali. Sanamu iliyomo hekaluni ilihamishiwa huko katika karne ya 17, zamani za mfalme Aurangzeb. Mafundi wa mji huo wana sifa kwa ajili ya picha wazichorazo juu ya nguo, na pande zote za mji viko vijiji vya wakulima. Watu wote hao, wa mjini na wa vijijini, humchagua mjumbe mmoja kwenda kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Jimbo, lenye viti 200, katika mji wa Jaipur.

Desturi ya uchaguzi wa India ni nyepesi kueleza. Tangu uchaguzi mkuu wa kwanza wa 1951 na 1952, kila mtu mzima, mwanamume au mwanamke, tajiri au maskini, ana kura moja, wala hapana mwenye mbili. Wazee wa Kenya wanaoukumbuka uchaguzi wa mwaka wa 1957 wataitambua tofauti, maana wakati ule Mwafrika mmoja aliweza kuwa na kura moja, na mwenzake akawa na mbili au tatu, kwa kadiri ya elimu yake, mali yake au utumishi wake. Huko India kura ya mchunga mbuzi huwa sawa na kura ya mwalimu wa chuo kikuu. Na mshindi ni yule aliyewapita wenziwe, ikiwa amewapita kwa elfu kumi au kwa moja.

Katika eneo la Nathdwara mtu mwenye nguvu kwa miaka mingi alikuwa Bw. C. P. Joshi wa chama cha Congress, mtu aliyepata kufundisha elimu ya nafsi katika chuo kikuu. Alichaguliwa mara ya kwanza mwaka wa 1980, angali kijana wa miaka isiyotimia 30. Akachaguliwa tena mwaka wa 1985, na tena mwaka wa 1998 na wa 2003. Mwaka wa 2008 ulipofika, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chake katika Jimbo zima, na watu wengi walimtaja kuwa mmoja wa wale wawezao kuwa Waziri Kiongozi wa Rajasthan, chama chake kikishinda. Aliyesimama kushindana naye alikuwa Bw. Kalyan Singh Chouhan wa chama cha Bharatiya Janata, yaani BJP.

Kura zilipigwa tarehe 4 Desemba, 2008, na hesabu ikatolewa tarehe 8 Desemba. Bw. Chouhan alipata kura 62,216. Bw. Joshi alipata kura 62,215. Watu 124,431 walikuwa wamewachagua wawili hao, na tofauti yao ikawa ni mtu mmoja.

Hasara ya kura hiyo moja haikuwa ndogo. Katika Jimbo zima chama cha Congress kilipata viti 96, na BJP viti 78. Ili kutimiza wingi wa Baraza, Congress ilihitaji viti 101, hata ikabidi kutafuta msaada wa wajumbe wengine. Chama kilikuwa kimewashinda wapinzani wake, lakini mwenyekiti wake amebaki nje ya mlango. Ndipo Bw. Ashok Gehlot, aliyepata kushika kazi hiyo zamani, alipofanywa kuwa Waziri Kiongozi. Hapana awezaye kuapa kwamba Bw. Joshi angaliipata kazi ile kama angalishinda. Lakini mtu aliyekosa kiti hakuwa tena na nguvu ya kuiomba.

Tangu siku ile yamesimuliwa mara nyingi katika magazeti ya India kwamba baadhi ya watu wa nyumbani mwa Bw. Joshi mwenyewe hawakupiga kura siku hiyo. Wasimulizi hawakubaliani ni nani hasa, na masimulizi ya namna hiyo huongezewa chumvi kila yanapopita. Walakini mtu mwenye busara hujiuliza: katika mbio za kuwatafutia magari wapiga kura wa vijiji vya mbali, je, ni wagombea wangapi wakumbukao kumpa ruhusa mpishi na dereva wao? Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Wala Nathdwara haikuwa ya kwanza kupatwa na jambo hili. Miaka minne kabla yake, katika uchaguzi wa mwaka wa 2004, eneo la Santhemarahalli katika Jimbo la Karnataka, kusini mwa India, lilimpa Bw. R. Dhruvanarayana kura 40,752 na Bw. A. R. Krishnamurthy kura 40,751. Huko nako husimuliwa habari za dereva wa yule aliyeshindwa, kwamba kazi za siku ile hazikumwachia nafasi ya kwenda kupiga kura.

Msomaji aweza kuuliza, "Na kama kura zingalikuwa sawasawa?" Sheria ya India ya mwaka wa 1951 ina jibu. Wagombea wawili wakilingana, msimamizi wa uchaguzi hupiga bahati nasibu papo hapo, na yule aangukiwaye na bahati huhesabiwa kana kwamba amepata kura moja zaidi. Jambo hili halipaswi kumshangaza Mswahili, kwa kuwa neno kura asili yake lilikuwa ndilo hilo hilo: kijiti au karatasi ivutwayo ili bahati iamue. Kura ya mtu mmoja zaidi huko Nathdwara ingaliutoa uamuzi mikononi mwa watu na kuutia mikononi mwa bahati. Kura za watu wawili zingalimpa ushindi mtu mwingine.

Bw. Joshi hakuyapokea matokeo kimya, wala hakuwatia watu wake njiani na marungu. Alikwenda mahakamani. Moja ya mambo yaliyobishaniwa ni zile kura ziwekwazo kando. Huko India, mtu akifika kituoni akakuta mtu mwingine amekwisha kupiga kura kwa jina lake, hupewa karatasi, nayo hutiwa katika bahasha wala haihesabiwi pamoja na nyingine. Katika mashindano ya maelfu, bahasha hiyo hakuna aijaliye. Lakini tofauti ikiwa ni moja, kila bahasha ni mali. Mashauri yalifika mpaka Mahakama ya juu kabisa ya India, ambayo mwaka wa 2011 ilieleza kwamba mahakama haina ruhusa ya kuamua jambo ambalo mlalamikaji mwenyewe hakuliandika katika malalamiko yake.

Yaliyofuata yaonyesha kwamba kushindwa si kufa. Mwaka wa 2009 Bw. Joshi alichaguliwa kuingia katika Bunge la India kutoka Bhilwara, akawa Waziri wa Maendeleo ya Vijijini katika Serikali Kuu. Bw. Chouhan naye aliwathibitishia watu kwamba hakushinda kwa bahati tu, maana mwaka wa 2013 watu wa Nathdwara walimrudisha. Alifariki mwaka wa 2018. Mwishoni mwa mwaka huo Bw. Joshi alirudi akakitwaa kiti kwa kura 16,940 zaidi, na mwezi wa Januari, 2019, akafanywa Spika wa Baraza lile lile ambalo kura moja ilimfungia. Lakini mwaka wa 2023 alishindwa tena, safari hii kwa kura 7,504, na Bw. Vishvaraj Singh Mewar wa BJP, mtu wa ukoo wa wafalme wa zamani wa Mewar.

Basi mafunzo ni mawili. La kwanza ni la mpiga kura. Na aangalie mapema kwamba jina lake limo katika daftari, tena limeandikwa sawasawa, na siku ikifika aende, mvua inyeshe au jua liwake. La pili ni la mwenye nyumba na mwenye kazi. Asiwasahau walio chini ya mkono wake: mchunga ng'ombe, mpishi, dereva, mama mzee asiyeweza kutembea peke yake. Awape nafasi na njia ya kufika kituoni, bila kuwauliza watamchagua nani, maana kura ni siri ya mwenyewe. Tarehe 4 Desemba, 2008, mtu mmoja wa Nathdwara alikaa nyumbani akisema kura yake si kitu. Hapana amjuaye ni nani, na huenda mwenyewe hajui mpaka leo kwamba alikuwa na neno la mwisho.