Aliyesema Hataki Kazi
Mwambie chalii wa Chuga, yaani Arusha, kwamba rapa naye hukesha maktaba, atakucheka kwanza, kisha atamkumbuka Nikki wa Pili. Nickson Simon John, nduguye rapa Joh Makini, alianzia River Camp, kundi lililokuja kuungana na wenzao wa Nako 2 Nako wakawa kundi la Weusi. Na huku jukwaa likimwita, alikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akisomea masuala ya maendeleo hadi shahada ya uzamili. Mchumi wa kukokotoa riba? Hapana, ila maswali yake ni yale yale ya wachumi: nani anazalisha, nani anafaidi. Akatoa wimbo “Sitaki Kazi”, akawachokoza wahitimu wanaozunguka na bahasha za kaki ofisi hadi ofisi. Juzi niliusikia soko la Kilombero, kwenye spika ya muuza mitumba iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Jamaa anakunja jinzi, anahesabu chenji, kichwa kinafuata mdundo, na nyuma yake Meru umejifunika wingu. Huyo umweleze nini kuhusu kujiajiri? Utani wenyewe ni kwamba Juni 2021 Rais Samia alimteua huyo huyo asiyetaka kazi kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Mimi sikuona usaliti. Aliyeusema uchumi kwa mashairi si vibaya akaonja na mafaili ya ofisini. Muziki haukumzuia kusoma; kinachonikera ni nyinyi wazazi wa Sakina na Njiro mnaomfungia mtoto gitaa kabatini eti afaulu hesabu. Mrudishieni gitaa lake.