Midoli ya Kauri Haitishi, Kinachotisha ni Kile Cheti Chake

Julai 2014, mji wa San Clemente, California, ulipatwa na kiwewe. Familia kadhaa zilikuta mdoli wa kauri mlangoni, na kila mdoli ulifanana na binti wa nyumba hiyo. Polisi wakaitwa. Kumbe ni mama mmoja tu mwenye nia njema, alitaka kuwafurahisha watoto. Kosa halikuwepo, yakaisha.

Mtandaoni lakini hayajaisha. Mwanamke akipost kabati lake la midoli ya kauri, anaitwa mchawi. Filamu zimechangia sana. Annabelle wa kwenye The Conjuring (2013) ana uso mgumu wa kutisha, wakati mdoli halisi uliozua hadithi ile ni wa kitambaa, nywele za uzi mwekundu. Kauri imesingiziwa tu.

Sura hizi zina historia. Mwaka 1909 kampuni ya Kämmer & Reinhardt ya Ujerumani iliachana na midoli mirembo isiyo na hisia, ikaanza kutoa yenye sura za watoto wa kweli: huyu kanuna, yule anawaza. Ndiyo maana mtu mzima akiushika mdoli kama huo anamkumbuka mtoto fulani, pengine yeye mwenyewe. Hapo cha kucheka kiko wapi?

Tatizo ni pesa zilipoingia. Miaka ya 1980 na 1990, Wamarekani waliuziwa midoli ya kauri kwa posta, na ndani ya boksi kuna cheti: "toleo maalumu". Wengi wakaamini wanaweka akiba ya uzeeni. Sasa toleo maalumu lililotengenezwa kwa wingi, na kila mnunuzi kalitunza kama yai, litakuwaje adimu? Wenyewe walipozeeka, midoli ikamwagika sokoni kwa pamoja. Leo mingi inauzwa bei ya kutupa na wajukuu hawaitaki. Ile ya 1909 bado ina bei, na sababu mojawapo ni kwamba wenzake walichezewa na watoto hadi wakavunjika.

Wanaocheka wajiangalie kwanza. Labubu anayening'inia kwenye mkoba anauzwa kwa mbinu ileile: boksi la kubahatisha, toleo la siri, foleni. Juni 2025, mmoja mwenye urefu wa mtu aliuzwa mnadani Beijing kwa zaidi ya yuan milioni 1, na kuna watu wakaanza kununua maboksi na kuyaficha bila kufungua, wakisubiri utajiri.

Bibi aliyenunua mdoli kwa sababu unamkumbusha mwanawe hajapata hasara yoyote, kwa sababu anautazama kila siku. Aliyeliwa ni aliyenunua cheti. Kijana anayependa Labubu wake amfungue, atambe naye. Anayemfungia kabatini asubiri bei ipande, aulize kwanza kwa akina bibi wa Marekani.

Haya wadau, nani kati yao anastahili kuchekwa?