Mlihesabu Meno, Hesabuni na Maiti

Siku ya usajili wa jeshi, kijana wa Mtito Andei anavuliwa shati, anakimbizwa, anapimwa urefu, anakaguliwa meno hadi mapengo. Serikali inajua kuhesabu. Mbona akifa hesabu inaishia hewani?

Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab walivamia kambi ya KDF kule El Adde, Somalia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya jirani vikameza askari wetu wa miguu. Wangapi? Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja karibu 200. Nairobi haikutoa idadi rasmi.

Ati ni siri ya usalama. Usalama wa nani, jamani? Adui alikuwa pale, akapiga hadi video. Anayefichwa ni wewe mlipa kodi.

Mchezo huu tuliurithi. Shuka na barabara ya Mombasa hadi Voi, uone makaburi ya Vita vya Kwanza: Mzungu ana jiwe na jina. Wapagazi Waafrika, Wakamba wakiwemo, walikufa kwa maelfu na mkoloni hakujali kuwaandika. Kikosi chao kimebaki jina la soko, Kariokor. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi 2021, karne nzima baadaye.

Sisi tungoje 2116? Msituletee mizinga na gwaride. Mizinga haina majina. Chongeni ukuta, muwaandike wote, mmoja mmoja, askari wa kawaida asisahaulike chini ya jenerali.