Hadisi za shimo, tuziandike sisi wenyewe



Leo sitasema juu ya mushahara. Najua mutashangaa. Tangu miaka mingi niko delege wa sendika hapa Kolwezi, na kila mara munaponiona na karatasi ku mukono munajua iko na hesabu ndani: masaa ya kuongeza, prime ya usiku, siku za konje. Leo karatasi iko ingine. Nataka kusema juu ya hadisi za kutunga, zile mutu anazitoa mu kichwa chake na kuziweka ku kaye.

Nasikia tayari mumoja wenu anasema: "Delege, shiye tuko na njala, weye unatuletea arisi za watoto?" Munipe nafasi kidogo, nitawaeleza.

Nilikuwa na rafiki wa posti ya usiku. Alibaki chini. Jiwe la juu lilianguka. Jina yake sitaiandika, na ya kampuni vilevile. Mimi njo niliandika rapore ya sendika. Ilikuwa na mistari tano: siku, saa, nafasi, jina, namba ya kazi. Karatasi ya kampuni ilikuwa na mistari tatu, na ule wa mwisho ulisema kwamba mufanyakazi hakufuata maagizo ya usalama. Bibi yake aliweka sinyatire chini. Kifaransa hakujua kusoma, na walikuwa wamemuambia kama bila sinyatire maiti haitatoka ku morge.

Zile karatasi mbili ziko mu dosye mpaka leo. Mutu akizisoma, hataona rafiki yangu. Hataona kama alikuwa anafunga buti yake na waya ya umeme, juu kamba ilikatika na ku depo walimuambia angojee mwezi unaokuja. Hataona kama wakati wa kushuka alikuwa anapenda kuingia wa mwisho, na alikuwa anasema: "Mwenye kuingia wa mwisho njo anatokaka wa kwanza."

Usiku moja usingizi ulinikataa. Nikakamata kaye ya mutoto wangu na biki, nikaanza kuandika. Nilibadilisha jina, nikabadilisha kartye, nikamupa watoto wawili pahali pa watano. Waya ya buti niliiacha.

Hadisi ile ya kwanza ilikuwa mubaya, nasema wazi. Shefu alikuwa shetani, mufanyakazi alikuwa malaika, na ku mwisho malaika alisimama na kutoa hotuba ya kurasa mbili juu ya haki. Nilimusomea yaya yangu mwanamuke, yeye anauza makala ku soko. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Huyu mutu yako haiko na madeni? Hakunywaka pombe? Hagombanaka na bibi yake?" Nikamujibu hapana, ni mutu wa haki. Akasema: "Basi haiko mutu. Ni weye ku mukutano."

Nilikasirika siku mbili. Kisha nikaandika tena. Mara hii nilimupa deni ya kantini na kichwa nguvu. Nikasoma hadisi ku mwisho wa mukutano wa sendika, tulikuwa watu kama makumi mawili, na hakuna aliyetoka kuvuta tumbako.

Lakini kamponi haina siri. Kisha siku tatu, mujane wa rafiki yangu alifika ku lupangu yetu. Kiti alikikataa. Akasema: "Delege, minasikia uliandika kifo ya bwana yangu. Unisomee."

Nilitetemeka kuliko mbele ya direktere. Nikasoma. Mu hadisi yangu, bibi alimutayarishia bwana bukari na sombe, wakaagana muzuri ku mulango, akamupungia mukono. Nilifikiri nimemupa mujane heshima. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sombe hakuipendaka. Na siku ile tuligombana juu ya feza ya masomo. Hakukula. Alienda na njala, na mimi sikumuita arudie. Uandike vile. Ile njo muzigo minabebaka, haiko hii yako ya kupunga mukono."

Nikaandika vile. Mara ya tatu nilisoma mbele ya wanaume na wanawake, na mama mwenyewe alikuwa amekaa mbele. Watu walinyamaza, juu kila mumoja wetu ameisha kutoka ku nyumba na kasirani siku moja. Kisha juma ile, wamama watatu walikuja ku biro ya sendika kuuliza: karatasi ya kampuni ikifika, tunaweza kuileta hapa kwanza mbele ya kuweka sinyatire? Ndugu zangu, miaka yote nilikuwa nawaambia vile mu mikutano, na hakuna mama hata mumoja aliyekuja.

Njo sababu nasema kwamba hadisi ni kazi ya maana kwetu. Hotuba yangu iliwaambia wafanye nini. Hadisi iliwaonyesha mama mumoja amesimama ku morge na biki mu mukono, na kila mumoja alijiona pahali pake.

Mukubwa moja wa kanisa aliniambia hadisi ya kutunga ni uongo. Nilimuuliza: ule baba mwenye watoto wawili, mudogo alikula mali yote na akarudia, alikuwa anakaa avenyu gani? Alicheka. Kila mutu anajua kwamba hadisi ile ilitungwa juu ya kufundisha, na hakuna anayeiita uongo. Uongo ni kumudanganya mutu. Mwenye kutunga hadisi anasema mbele: hii nimeitunga. Msikilizaji anajua, na anakubali kutembea naye.

Tena kuko mambo ambayo hakuna karatasi itayasema. Munajua tarehe 9 mwezi wa 12, mwaka wa 1941. Wafanyakazi wa Union Minière walikuwa wamegoma juu ya mushahara. Ku kiwanja cha mupira cha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, askari waliwapiga masasi. Jina ya Léonard Mpoyi tunaijua. Hesabu ya wafu, karatasi hazipatane mpaka leo. Lakini mufanyakazi aliyesimama nyuma ya Mpoyi, alikula nini asubui? Nani alimuambia asiende? Nani alimungojea magaribi? Mwenye kuandika historia anasimama pale, juu hana ushuhuda. Mwenye kutunga hadisi anaweza kuendelea, kwa kufuata yale anayoyajua ku mwili wake: namna njala inauma mwisho wa mwezi, namna mutu anasimama nyuma ya delege na woga mu tumbo.

Na tuandike mu luga gani? Vitabu juu ya miji yetu viko. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mu 1981, alitoa mu 2014 romani Tram 83, juu ya baa moja mu muji wa migodi, na ile romani ilizunguka dunia. Ni Kifaransa. Tunamupigia mikono. Lakini sisi chini ya shimo tunacheka mu Kiswahili, tunatukanana mu Kiswahili, na jiwe likianza kulia tunaita wenzetu mu Kiswahili.

Wengine wanasema Kiswahili chetu kimevunjika, watu wa Tanzania watatucheka. Wacheke. Mu 1965 André Yav aliandika historia ya muji wa Elisabethville mu Kiswahili hiki hiki, kwa ajili ya wale waliofanya kazi mu nyumba za wazungu, na mpaka leo watu wa iniversite wanaijifunza. Na ba Mufwankolo wa Lubumbashi, nani kati ya wazee hawajui? Tiatre yao tuliisikia ku radio na kuiona ku televizio. Hawakungojea mutu awaletee kitabu. Walikuwa wanapatana kwanza juu ya hadisi, kila mumoja anatafuta maneno yake, wanarudilia, wanabadilisha. Ile ni masomo kwetu: tunaweza kutunga kwa kinywa, pamoja, kisha kuandika.

Sasa mutaniuliza: tuanze namna gani? Mimi si mwalimu, nilimaliza sekondere tu. Nawapa yale niliyojifunza kwa kuanguka.

Anza na kitu kimoja cha kushika ku mukono: buti, taa, kikombe cha munkoyo. Usianze na "haki" wala "mateso". Kitu kidogo kitakuletea mwenyewe yake.

Mutu wako mupe kosa. Na shefu vilevile umupe sababu. Yeye pia iko na mukubwa anayemupigia telefone usiku na kuuliza tani ngapi zimetoka. Ukimufanya shetani, musomaji hatamuogopa, juu hajakutana na shetani. Shefu amekutana naye.

Waache watu waseme vile wanasema. Mama wa soko asiseme kama mutangazaji wa radio.

Hotuba ya mwisho uikate. Hii inaniuma mimi sana, juu hotuba njo kazi yangu. Kama hadisi imefanya kazi, watu wameisha kuelewa. Kama haikufanya, hotuba haitaiponyesha.

Kisha usome kwa sauti mbele ya mutu asiyekuogopa. Usibishane naye. Muulize tu: wapi ulichoka? Wapi hukuniamini? Pale ataonyesha, rudi na biki.

Lakini nataka tusikilizane juu ya mambo mawili. La kwanza: hadisi isikamate pahali pa rapore. Kukiwa aksida, tunaandika siku, saa, jina, mashahidi, bila kutunga hata neno moja, juu kwa inspektere wa kazi hadisi haina nguvu na inaweza kutuharibia dosye. La pili: ukikamata maisha ya mutu wa kweli, kubadilisha jina haitoshe. Enda kwanza kwa jamaa. Mimi sikuenda, na ule mama alikuwa na haki ya kunifukuza. Nilipata bahati tu kwamba alikuja kusahihisha.

Naomba delege wenzangu wa Likasi, Kipushi, Kambove, Fungurume na hapa Kolwezi: ku mwisho wa mukutano wa kila mwezi, muache dakika 15. Hadisi moja, kurasa mbili, basi. Wamama waje pia, juu wao njo wanajua kungojea, na nusu ya hadisi za shimo inapitikia ku nyumba. Mzee asiyejua kuandika aseme, kijana wa masomo aandike, na asibadilishe maneno ya mzee juu ya kuonyesha kwamba amesoma. Kaye zibakie ku biro ya sendika, karibu na rapore.

Mimi niko natengeneza hadisi ingine. Iko juu ya shefu moja wa posti anayeogopa telefone yake. Inanikataa: kila mara namurudisha shetani. Siku ya posho nitaipeleka ku soko, kwa yaya yangu, pale kwenye makala. Najua tayari atasema nini.