Chupa Pekee Haitaokoa Miti-Dawa Yetu



Mzee mmoja wa upande wa Mgeta, aliyekuwa akimwuguza mkewe wodini kwetu, alituambia kwamba mzizi aliouchimba zamani nyuma ya nyumba, siku hizi anaufuata mlimani nusu siku. Hatukushangaa. Ukichimba mzizi wote, umeua mmea. Ukibandua magome kuuzunguka mti, chakula hakishuki tena mizizini, nao hukauka.

Tazameni mti ambao wataalamu huuita Prunus africana, unaoota pia Uluguru. Magome yake hutengenezewa dawa ya tezi dume huko Ulaya, na tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa. Mbegu zake si kama mahindi: zikiwekwa ghalani hupoteza uhai upesi.

Hapo ndipo maabara inapofaa. Wataalamu hukata kichipukizi, hukisafisha kuua vijidudu, kisha hukiweka chupani juu ya jeli yenye madini, sukari na vichocheo vya ukuaji. Kikichipua hukatwa tena, na kimoja huzaa vingi. Wakulima wa migomba wanaijua miche ya namna hii. Kwa kuhifadhi, chupa huwekwa penye baridi ili mmea ukue polepole, au vipande hugandishwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, vidumu miaka mingi.

Kazi hiyo tunaiunga mkono. Lakini chupa haitunzi jina la mmea kwa Kiluguru, wala haijui kama kinachotumika ni jani au gome. Mzee akizikwa na maarifa hayo, tutabaki na mche usio na habari. Tena, miche ikibaki chupani, mchimbaji ataendelea kupanda mlima.

Hapa Morogoro tuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tunaomba wataalamu wawasikilize wazee kwanza, na miche irudi kwenye vitalu vya vijiji. Nasi majumbani tuandike wanayoyajua babu na bibi, tusibandue gome kuuzunguka mti, na kila anayechimba apande.

Jambo la mwisho. Mmea kuhifadhiwa si kuthibitishwa kuwa unaponya. Mwenye homa aletwe hospitali mapema, na mtuambie alichokunywa. Hatutamgombeza mtu.